Kura Nne za Windsor na Nchi Yenye Mteja Mmoja

Jimbo ninalopigia kura liliamuliwa kwa kura nne. Linaitwa Windsor–Tecumseh–Lakeshore, kusini kabisa mwa Ontario, Kanada, na uchaguzi wenyewe ni ule wa tarehe 28 Aprili 2025. Wagombea wawili wa juu walipata kila mmoja kura zaidi ya 32,000. Zikahesabiwa upya chini ya jaji, na mwisho wake Kathy Borrelli wa chama cha Conservative akampita mbunge aliyekuwepo, Irek Kusmierczyk wa Liberal, kwa idadi ya watu ambao ningewapakia kwenye gari langu tukaenda kituoni pamoja, na nafasi ingebaki ya mkoba.

Kwa aliyezoea foleni za kwetu Tanzania, wino kidoleni na mawakala wanaokesha, uchaguzi wa huku unaweza kukuacha ukijiuliza kama ndiyo basi. Unaingia ukumbi wa shule, unaonyesha leseni, unapewa karatasi na kipenseli kifupi, unajificha nyuma ya kipande cha katoni, unaweka alama, unatoka. Nje kuna mtu anatembeza mbwa wake. Usiku huohuo makarani wanazihesabu kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine.

Hizo kura nne zimenikaa kichwani kwa sababu haziendi na hadithi ya uchaguzi ule kama ilivyosimuliwa duniani. Hadithi hiyo mnaijua. Mwanzoni mwa 2025 Conservative, chini ya Pierre Poilievre, walikuwa wanaongoza kura za maoni kwa zaidi ya pointi 20. Justin Trudeau alikuwa amechokwa hata na wabunge wake, na tarehe 6 Januari akatangaza kwamba anang'atuka. Donald Trump, tangu mwishoni mwa 2024, alikuwa akiiita Kanada jimbo la 51 na kumwita Trudeau “gavana”, kisha ushuru wa asilimia 25 ukatangazwa, ukaahirishwa, ukarudi Machi. Liberal wakamtoa mfukoni Mark Carney, aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu ya Kanada halafu ya Uingereza, mtu ambaye hajawahi kugombea hata udiwani. Akaapishwa tarehe 14 Machi, na wiki sita baadaye akashinda uchaguzi kwa viti 169 kati ya 343. Poilievre alipoteza hadi kiti chake mwenyewe pale Ottawa, ikabidi chama kimtafutie kingine Alberta kwa uchaguzi mdogo wa Agosti. Chama cha NDP, ambacho ndicho kilikuwa kikijiita sauti ya wafanyakazi, kilibaki na wabunge saba tu, maana wapiga kura wake walikimbilia kwa Carney kujifunika.

Kwa ufupi: Wakanada walikasirishwa na jirani, wakajipanga nyuma ya mzee wa benki. Ni kweli, kwa hesabu ya nchi nzima. Lakini mji ulio karibu kuliko yote na jirani huyo, mji ambao ushuru uliupiga kofi la kwanza, ulienda upande mwingine. Viti vyote vitatu vya Windsor na wilaya ya Essex vilichukuliwa na Conservative. Windsor West, ambako Brian Masse wa NDP alikuwa mbunge tangu 2002, nako kulikwenda.

Inabidi nieleze mji huu ulipo. Ukisimama kando ya mto hapa Windsor na kuiangalia Marekani, unaangalia kaskazini. Mpaka umejipinda kiasi kwamba Detroit iko juu yetu. Usiku taa za maghorofa yake zinaakisi majini karibu kabisa. Mgeni wa kwanza kufika hudhani ni mtaa mwingine wa mji huuhuu. Wauguzi wanaoishi huku wanavuka kila siku kwa handaki la chini ya mto kwenda kufanya kazi hospitali za kule. Na lipo Daraja la Ambassador, la tangu 1929, mali ya familia moja ya Michigan. Ndiyo, daraja la kimataifa ni mali ya watu binafsi. Karibu robo ya bidhaa zote zinazouzwa kati ya nchi hizi mbili hupita juu yake. Mimi nafanya kazi ghala la vipuri vya magari, na katika kazi hii mtu hasemi “tunauza Marekani”. Kipande kinaenda, kinaongezewa kitu, kinarudi, kinaunganishwa na kingine, kinaenda tena. Gari likikamilika limevuka mto mara kadhaa kabla halijawekewa hata matairi. Ushuru wa mpakani kwenye mfumo wa namna hiyo ni sawa na kumtoza mpishi kila anapotoka jikoni kwenda stoo.

Mfumo huo ulijengwa kwa makusudi. Mwaka 1965 Waziri Mkuu Lester Pearson na Rais Lyndon Johnson walitia saini mkataba wa magari uliozifanya Windsor na Detroit kuwa karakana moja. Ndiyo maana Aprili 2025, ushuru wa asilimia 25 juu ya magari ulipoanza, kiwanda cha magari cha Stellantis hapa mjini kilisimamisha kazi wiki mbili, katikati ya kampeni. Kufika Juni ukosefu wa ajira Windsor ulikuwa umepita asilimia 11, mbaya kuliko mji wowote mkubwa wa nchi hii.

Sasa, mtu wa nje angetarajia mji kama huo umkimbilie aliyeahidi kupambana na Trump. Siku za kampeni nilimuuliza dereva mmoja wa lori, Mkongomani wa Bukavu, anayevuka daraja hilo karibu kila siku. Alicheka.

“Kaka, Trump sitamtoa mimi kwa kura yangu. Kodi ya nyumba je? Hiyo nani ataitoa?”

Nilimwambia wasipomzuia Trump hata hiyo kazi ya kulipia kodi haitakuwepo. Akasema hayo niwaambie wenye nyumba. Na kweli, ukiangalia nani alimpa kura nani, wazee wenye nyumba zao na pensheni zao waliegemea kwa Carney, na vijana wa kiume ambao hata chumba kimewashinda kupanga walimsikiliza Poilievre. Uzalendo ni mtamu zaidi kwa mtu ambaye amekwisha kulipa mkopo wa nyumba. Sisemi haya kwa kejeli. Bei za nyumba Ontario zilifika mahali ambapo mume na mke wote wanafanya kazi na bado wanaishi kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mtu. Serikali ya Trudeau yenyewe ilikwisha kukiri ilikuwa imeruhusu wageni wengi kuliko nyumba zilizopo: Oktoba 2024 ilipunguza lengo la wahamiaji wa kudumu la 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000. Wengi wetu tuliokuja zamani tulinyamaza. Wengine walishangilia, tena kwa sauti, na nililisikia hilo hata kwenye misiba yetu.

Kaulimbiu ya majira yale ilikuwa “viwiko juu”, maneno ya mchezo wa hoki ya barafuni, yanayomkumbusha kila mtu Gordie Howe, mchezaji aliyejulikana kwa kuwatia wapinzani viwiko vya mbavu. Maduka ya pombe ya serikali ya Ontario yaliondoa vinywaji vya Kimarekani kwenye rafu. Supamaketi zikabandika jani la mti wa maple, lile la kwenye bendera ya Kanada, kwenye kila kilicholimwa au kutengenezwa nchini, na nyingine zikaweka alama ya herufi T kwenye bidhaa zilizopanda bei kwa ushuru. Nilimwona bibi mmoja amesimama mbele ya machungwa akigeuza kibandiko baada ya kibandiko, akitafuta yasiyotoka Florida. Alichukua ya Moroko.

Huyo Gordie Howe ni Mkanada wa Saskatchewan aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya uwanjani akichezea Detroit. Jina lake ndilo lililopewa daraja jipya lililojengwa kilomita chache kutoka lile la zamani. Kanada imebeba gharama yote, dola za Kanada bilioni 6.4, zitakazorudishwa kwa tozo za magari, ingawa umiliki ni wa pamoja na jimbo la Michigan. Februari 2026 Trump aliandika kwamba hataruhusu lifunguliwe mpaka Marekani ifidiwe. Ifidiwe kwa lipi, na hela si zake? Lakini huo ndio utaratibu siku hizi.

Viwiko vyenyewe, tukisema kweli, havikukaa juu muda mrefu. Mwishoni mwa Juni 2025 serikali kuu ya Ottawa ilifuta kodi yake kwa kampuni kubwa za kidijitali, usiku wa Jumapili, saa chache kabla haijaanza kukusanywa, kwa sababu Trump alikuwa amevunja mazungumzo ya biashara. Septemba ikaondoa sehemu kubwa ya ushuru wake wa kulipiza kisasi. Oktoba, serikali ya mkoa wa Ontario ilipolipia tangazo la televisheni lenye sauti ya Ronald Reagan akiponda ushuru, Trump akavunja mazungumzo tena, na Carney akamwomba radhi. Waziri Mkuu wa nchi ya G7 anaomba radhi kwa tangazo ambalo si lake, lililotumia maneno ya rais wa Marekani wa chama hichohicho cha Trump. Mwenye nguvu mpishe.

Hofu hii ya jirani ni ya zamani kuliko mtu yeyote aliye hai. Mwaka 1911 Waziri Mkuu Wilfrid Laurier aliangushwa kwa sababu alitaka biashara huru na Marekani, baada ya mwanasiasa mkubwa wa kule, Champ Clark, kusema bungeni kwao kwamba anatumaini kuiona bendera ya Marekani ikipepea juu ya kila futi ya ardhi hii hadi Ncha ya Kaskazini. Mwaka 1969 Pierre Trudeau, baba yake Justin, aliwaambia waandishi wa habari mjini Washington kwamba kuishi jirani na Marekani ni kulala na tembo: hata awe mpole namna gani, kila akijigeuza unasikia. Halafu ikaja 1988. Brian Mulroney wa Conservative alipigania mkataba wa biashara huru, Liberal wakaupinga kwa tangazo lililoonyesha mtu akifuta mstari wa mpaka kwenye ramani kwa kifutio. Mulroney alishinda kwa asilimia 43 ya kura. Walio wengi walivipigia vyama vilivyoupinga, lakini kwa mfumo wa huku anayeongoza jimboni ndiye anachukua. Mkataba ukaanza 1989. Miaka 36 baadaye Liberal ndio wanaoililia biashara hiyo isife.

Katika miaka hiyo yote Kanada ilijengeka kuwa nchi ya mteja mmoja. Takriban robo tatu ya kinachouzwa nje kinakwenda Marekani. Mabomba ya mafuta ya Alberta karibu yote yanaelekea kusini. Lile la Trans Mountain, lililopanuliwa hadi pwani ya Pasifiki, lilikamilika Mei 2024 baada ya serikali kulazimika kulinunua yenyewe kwa dola bilioni 4.5 na ujenzi kumeza mabilioni mengine mengi. Wenye mashamba ya ngano wanajua bei ya Minneapolis kabla ya bei ya Winnipeg. Na hakuna aliyelazimishwa. Ilikuwa rahisi, ililipa, na jirani alikuwa mstaarabu kiasi cha kutosha.

Tarehe 20 Januari 2026 Carney alisimama Davos, kwenye kongamano la uchumi la dunia, akasema utaratibu wa zamani wa dunia umevunjika na hautarudi. Alikiri, na hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti, kwamba wao wenyewe walijua siku zote hadithi ya dunia inayoongozwa na sheria ilikuwa na uongo ndani yake: wakubwa walijitoa kwenye sheria walipotaka, na nchi kama Kanada zilinyamaza kwa sababu zilinufaika. Akasema nchi za kati lazima zishikane, maana asiyekuwepo mezani ataliwa.

Ukumbi ulimpigia makofi kwa kusimama. Mimi nilikuwa nawaza Arusha. Februari 1979, mbele ya mawaziri wa Kundi la 77, Mwalimu Nyerere alisema nchi maskini zinahitaji kuwa na chama chao cha wafanyakazi, kwa sababu kila moja ikienda peke yake kwa tajiri inarudi mikono mitupu. Kuuza kwa wengi, kutomtegemea mmoja, kushikana walio chini: ndiyo maneno tuliyoimbishwa shuleni. Walioyasema wakati ule waliitwa wenye ndoto. Leo yanasemwa kwa suti nzuri na gavana wa zamani wa benki kuu mbili, nayo yanaitwa uhalisia.

Kanada yenyewe ilikuwa mnufaika wa siasa ile ya kwetu. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi Tanzania kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki, Mwalimu akawaambia wabebe na misaada yao mingine. Aliyekuja kuziba pengo la kufundisha jeshi ni Kanada, na maofisa wake walikaa hadi 1970, Wachina walipochukua kazi. Kanada ilikubalika kwa kuwa haikututawala na haikuwa mojawapo ya miamba miwili. Pearson alikuwa amepata Nobeli ya Amani 1957 kwa kazi yake kwenye mgogoro wa Suez. Jina lilikuwepo. Limetumika hadi likapauka: Kanada iligombea kiti cha muda Baraza la Usalama mwaka 2010 ikashindwa na Ureno, ikagombea tena 2020 ikaangushwa na Norwe na Ireland.

Na Mtanzania hawezi kulisikiliza neno “nchi ya kati” bila kukumbuka Hanang. Kuanzia miaka ya 1970 fedha na wataalamu wa Kanada walianzisha pale mashamba makubwa ya ngano, karibu ekari 100,000, kwa mtindo wa nyanda za Saskatchewan, kwenye malisho ya Wabarabaig. Matrekta yalipita hadi juu ya makaburi yao. Wabarabaig walikwenda mahakamani, walihangaika miaka. Halafu dhahabu: kampuni ya Barrick ya Toronto na tawi lake la Acacia, zuio la Machi 2017 la kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, bili ya kodi ya dola bilioni 190 ambayo kila mtu alijua haitalipwa, na hatimaye kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, serikali ikipata asilimia 16. Wakati ule magazeti ya biashara ya Toronto yalikuwa yakieleza Tanzania kama nchi inayobadili masharti katikati ya mchezo. Nimeyakumbuka sana mwaka huu, nikisikia Kanada ikilalamika kwamba mkubwa anabadili masharti katikati ya mchezo.

Sina furaha ya kisasi. Nina nyumba hapa, watoto wangu ni wa hapa, na Trump akiua viwanda vya Windsor mimi ndiye nitakayekaa bila kazi. Ninachotaka ni kuona kama Carney ataweza kulipa bei ya maneno yake, maana kutafuta wateja wapya kuna gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawasawa.

Mfano uko karibu. Kanada iliweka ushuru wa asilimia 100 kwenye magari ya umeme ya China Oktoba 2024, ikifuatana na Marekani. China ikajibu mwaka 2025 kwa kupiga ushuru mafuta ya kanola, mashudu, njegere, nguruwe na samaki, kisha Agosti ikaongeza asilimia 75.8 kwenye mbegu za kanola. Wakulima wa Saskatchewan wakabaki na maghala yamejaa. Siku chache kabla ya Davos, Carney alikuwa Beijing, wakakubaliana: magari 49,000 ya Kichina yataingia kwa mwaka kwa ushuru wa asilimia 6.1, na China itashusha ushuru wa mbegu za kanola hadi karibu 15. Waziri Kiongozi wa Saskatchewan alishangilia. Doug Ford wa Ontario alikasirika, kwa sababu kinachomponya mkulima wa Saskatchewan kinamkata mfanyakazi wa Windsor. Trump naye akatishia ushuru wa asilimia 100 kwa bidhaa zote za Kanada ikifunga mkataba na China, na Carney akaeleza haraka kwamba hana mpango wa biashara huru na Beijing.

Mkataba wa Kanada, Marekani na Meksiko, uliopo tangu Julai 2020, ulipangwa kupitiwa upya Julai 2026, na ghalani hakuna anayejua oda za vuli zitakuwaje. Msimamizi wetu ameacha kubandika ratiba za miezi mitatu; sasa anabandika za wiki mbili. Wiki iliyopita wakati wa chai tulibishana kuhusu hayo magari ya Kichina. Mwenzangu mmoja, mwanachama wa muda mrefu wa chama cha wafanyakazi, mtu ambaye lori lake lina stika inayomtaka kila mtu anunue gari la hapa, alitukana mpango mzima kwa dakika kumi. Tulipokuwa tunarudi kazini alinivuta pembeni, akaniuliza kama nimesikia yatauzwa shilingi ngapi, maana binti yake anaanza chuo Septemba na anahitaji usafiri.